Sauti ya Soda

Mimi nilifundishwa kuendesha gari na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, na nililia. Gari halikuniliza. Mdomo wake ndio ulioniliza. "Shemeji, hicho kioo ni cha kutazama nyuma, si cha kutazama lipstiki!" "Shemeji, hiyo gia si mchi, usiitwange!" Na sauti yenyewe, jamani! Hata vioo vikipandishwa vyote, wauza matunda ng'ambo ya barabara walijua umekosea wapi. Wanafunzi walimwita Honi. Alilijua jina hilo na alilipenda, akidhani ni sifa.

Wenye roho nyepesi walihamia kwa walimu wengine. Sisi tuliobaki tulifaulu mtihani wa trafiki mara ya kwanza, na mpaka leo nikikaribia makutano ya barabara namsikia kichwani akinifokea. Kazi hiyo aliifanya tangu ujana wake, shule ileile ya udereva, kiti kilekile cha kando ya mwanafunzi, chenye breki yake na klachi yake. Ukimuuliza yeye ni nani, hakuanza na baba wala mume. Alisema, "Mimi mwalimu wa gari."

Kisha sauti ikaanza kukwaruza. Akasema ni vumbi. Ikazidi, akalamba asali na tangawizi, akajifunga shali, akaendelea kufoka. Dada akimwambia aende hospitali, anajibu kwamba koo la mwalimu ni kama tairi, lazima lilike. Alipoanza kupumua kwa mluzi ndipo akakubali. Daktari alimpitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, akatazama kwa muda mrefu, kisha akatuita ndani sote watatu. Ilikuwa saratani ya kisanduku cha sauti, na ilikwisha kujitandaza. Hakukuwa na cha kuokoa. Kisanduku chote kitolewe.

Daktari alituchorea mabomba mawili kwenye karatasi, la hewa na la chakula. Akaeleza kwamba baada ya upasuaji la hewa litafunguliwa chini ya shingo, na mgonjwa atapumua kwa tundu hilo maisha yake yote. Chakula kitapita kama kawaida. Sauti haitakuwepo. Dada alikuwa ameshanishika mkono mpaka unauma. Shemeji, kwa kile kisauti kilichobaki, aliuliza swali moja tu.

"Nitafundisha?"

Daktari akamwambia kwanza aishi. Wengine wangeuliza kama watapona. Yeye aliuliza hilo, na tangu siku ile halikumtoka.

Alipona. Kidonda kilifunga, tundu likatulia, akajifunza kulisafisha mwenyewe na kulifunika kwa kitambaa chepesi chini ya shali. Kilichotushinda ni kuishi na mtu asiyesema. Majirani walimpigia kelele, "HUJAMBO? UNAENDELEAJE?", wakidhani aliyekosa sauti amekosa na masikio. Wengine walizungumza naye kwa mikono, na mtu mwenyewe anasikia mpaka mende akitembea. Na dada yangu, mpishi wa shule ya bweni, mwanamke aliyeishi miaka yote bila kupewa nafasi ya kumaliza sentensi ndani ya nyumba yake, sasa alisema kwa niaba ya wawili. Mgeni akimuuliza Shemeji hali, dada anajibu: "Anaendelea vizuri, jana amekula uji wote, choo tu ndicho kigumu." Macho yanamtoka Shemeji pima. Anapiga meza kwa kiganja. Dada anatafsiri: "Anasema asante kwa kuja."

Kwa Madam, mwenye shule, alikwenda mapema mno. Mimi ndiye niliyempeleka kwa kigari changu. Madam ni mwanamke mrefu asiyecheka hovyo, na magari yake yote huyakagua mwenyewe kila asubuhi. Shemeji alikaa kwenye kiti chake ndani ya gari la shule, akamwonyesha mpango wake: atafundisha kwa kugonga dashibodi. Kugonga mara moja, punguza mwendo. Mara mbili, simama. Madam akatikisa kichwa.

"Ukigonga, mwanafunzi anatazama mkono wako. Akitazama mkono wako hatazami barabara. Unalijua hilo kuliko mimi, mwalimu."

Shemeji akagusa breki yake kwa kiatu, yaani na hii je?

"Hiyo inaokoa gari. Haimfundishi mtu." Kisha akalainika kidogo. "Kiti chako nimekiwekea kijana wa muda. Shule zikifunga mwisho wa mwaka wanafunzi watafurika, na hapo lazima niajiri mtu wa kudumu. Ukija kabla ya hapo na sauti inayosikika, kiti ni chako. Bila sauti, siwezi."

Hakuna aliyemlaumu Madam, hata Shemeji mwenyewe. Angekuwa yeye ndiye mwenye shule angesema hayohayo, tena kwa kufoka.

Safari za kliniki zikaniangukia mimi. Dada alikuwa jikoni shuleni kwao siku za kazi, na saluni yangu hufungwa Jumatatu. Mtaalamu wa usemi alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya chini, chumba chake kiko mwisho wa korido, baada ya eksirei. Ndani mna viti vitatu, kioo kikubwa na koo la plastiki linalofunguka kama kabati. Shemeji alimwita Mwalimu kwa kumwandikia, naye akamwita Shemeji Mwalimu, kwa hiyo mle ndani mjinga nilikuwa mimi peke yangu.

Akatueleza njia zilizopo. Kuna kifaa cha betri cha kubandika shingoni, kinanguruma na midomo inatengeneza maneno. Kuna kivali, mlango mdogo wa hewa wa kuwekwa ndani, ila ukisema lazima uzibe tundu kwa kidole, na hubadilishwa hospitali kubwa ya mbali. Shemeji akanyoosha mikono yake miwili mbele, kama anayeshika usukani na breki ya mkono. Mwalimu akaelewa. Mikono ina kazi.

"Basi ipo njia ya zamani. Unaingiza hewa mdomoni, unaisukuma kwenye sehemu ya juu ya bomba la chakula, halafu kabla haijashuka tumboni unairudisha. Ikirudi inatikisa nyama za pale, na mtikiso huo ndio sauti yako. Kwa maneno ya kawaida, Mwalimu, nitakufundisha kubeua."

Shemeji alinitazama mimi, akamtazama binti, akatazama mlango. Huyu ni mtu aliyelelewa na mama aliyempiga kofi akibeua mezani. Mpaka uzeeni alikuwa akitaka kupiga chafya anatoka nje. Leo anaambiwa abeue mbele ya binti wa watu na mbele ya shemeji yake, tena kwa bidii.

"Mficha uchi hazai, Shemeji," nikamwambia. "Mimi nitageukia ukutani."

Wiki zikapita bila kitu. Anafunga midomo, anakaza shingo, mishipa inasimama, halafu kimya, au mlio mdogo usio na maana. Siku moja Mwalimu akaleta chupa ya soda. "Kunywa funda, halafu hewa ikipanda usiizuie." Shemeji akanywa, akangoja. Likatoka "Pa!" zito, hata mimi niliruka kitini.

"Umeisikia?" Mwalimu akasema. "Njia inayopita hiyo ndiyo tunayoitafuta. Soda ni ya leo tu, kukuonyesha njia. Usiizoee."

Tulipofika nyumbani Shemeji alinunua soda dukani kwa jirani, akaingia jikoni, akanywa nusu chupa kwa mpigo. Dada alikuwa ameshatoka kazini, anakoroga chungu. Akamgusa bega, na likatoka neno lililo zito na lenye povu, lakini neno kamili: "Mama."

Ndivyo alivyomwita miaka yote. Dada aliachia mwiko chunguni, akakaa chini sakafuni, akalia kama mtoto. Mimi nikasema, "Lakini Mwalimu amesema ya leo tu." Dada alinitazama kama vile nimemwibia. Kesho yake kulikuwa na kreti zima nyuma ya mlango.

Nyumba ikageuka klabu. Watoto wao wakubwa wakija kusalimia, wanakuja na soda. Majirani nao. "Hebu tusemeshe, baba," na Shemeji anakunywa, anangoja, anatoa neno, wanashangilia. Alinenepa. Kliniki aliendelea kwenda, lakini kule bila chupa alikuwa bubu, na Mwalimu alishindwa kuelewa kwa nini mtu mwenye bidii hivi hasogei. Nilipotaka kusema, Shemeji alinikanyaga mguu. Alikuwa na haraka zake. Shule zilikuwa karibu kufunga.

Siku ya kujaribiwa Madam alikaa mwenyewe kwenye usukani kama mwanafunzi, Shemeji kwenye kiti chake, mimi nikaambiwa nipande nyuma. Shemeji alificha chupa ya soda katikati ya mapaja. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Kona ya kwanza ilikwenda vizuri: "Kushoto!" Madam akainua nyusi, karibu atabasamu. Kona ya pili akanywa, akangoja, kikatoka kitu. Tukakaribia mzunguko mkubwa, wenye magari ya kila upande. Akanywa. Nikaona kwenye uso wake kwamba soda imepata moto na gesi imekata. Akanywa tena, funda baada ya funda, na Madam anaendesha taratibu akingoja amri, kama mwanafunzi mtiifu. Tukapita mzunguko. Tulipokuwa tumeshashika barabara iliyonyooka kabisa, tumbo likakumbuka.

"Kulia!"

Madam alikata kulia. Tuliingia kwenye sehemu ya kuoshea magari, kati ya ndoo na vijana wenye mipira ya maji, na maji yakapiga kioo cha mbele. Shemeji akakanyaga breki yake.

"Nimefanya ulivyosema," Madam akasema, akizima injini. Hakuwa na hasira. "Amri ikichelewa ni ajali, mwalimu. Hilo ulinifundisha wewe nilipokuja kujifunza."

Njia nzima ya kurudi Shemeji alitazama dirishani. Nilimhurumia, na pia nilitaka kumpiga kichwani kwa ile chupa.

Jumatatu iliyofuata nilisema kila kitu, na mguu wangu niliuficha chini ya kiti. Mwalimu wa usemi alisikiliza mpaka mwisho. Hakufoka, na nadhani Shemeji angependa afoke. Akachukua koo la plastiki, akalifungua.

"Hewa ya soda inatoka huku chini, tumboni. Inakuja inapotaka yenyewe. Ninayokufundisha haifiki huko. Inaishia hapa juu, ndiyo maana inakuja unapoiita. Umejizoesha mlango wa uani, Mwalimu. Tunaanza upya, na maji matupu."

Safari hii alimfundisha kwa herufi. Akamwambia baadhi ya sauti za mdomo, kama pa, ta na ka, zenyewe husukuma hewa nyuma zinapotamkwa, hivyo aanzie hapo. Pata. Kata. Paka. Halafu akamwomba aandike maneno anayoyatumia kazini. Shemeji akaandika: pita, pinda, taa, kata kona, kanyaga, tulia, pole pole. Yule binti akaanza kucheka. Yote yalianza na zile sauti anazozitaka. Neno "simama" lilimsumbua, likafukuzwa, likabaki "breki".

Maneno yakaja. Mafupi, ya kukwaruza, hewa ya neno moja au mawili kisha ameishiwa. Ila yalikuja bila chupa. Kreti lilirudishwa dukani, na dada akalisindikiza kwa macho.

Tatizo likawa haraka. Mbele ya kioo alisema vizuri, lakini barabara haingoji. "Tafuta mtu aendeshe, na wewe umwelekeze," Mwalimu akasema. Madam asingetoa mwanafunzi wake kwa majaribio. Mimi najua kuendesha, sina cha kuelekezwa. Akabaki dada, ambaye Shemeji alikataa kumfundisha tangu wakiwa wachumba. Alikuwa na msemo wake: ukimfundisha mkeo gari, mtarudi nyumbani kwa njia mbili tofauti.

Tulikwenda uwanja wa mpira, siku isiyo na mechi, kwa gari langu lisilo na breki ya mwalimu. Nilikaa nyuma nikiwa nimejifunga mkanda na nimepiga moyo konde. Dada aliwasha, gari likaruka, likazima. "Klachi," Shemeji akasema. "Sawa, baba, pole, usijichoshe," dada akajibu. Akawasha, likazima. "Klachi." "Sawa, baba, pumzika kidogo." Tangu upasuaji hakuwahi kumjibu kwa sauti ya kawaida. Kila neno lilifungwa pamba. Nilimwona Shemeji anavyouma meno. Mtu aliyezoea kugombana na mkewe kila siku ya Mungu, mwaka mzima anaongeleshwa kama mgonjwa mahututi.

Hatimaye gari likaondoka, likanyoosha moja kwa moja kuelekea goli.

"Pinda," akasema. Dada akamgeukia yeye, amsikilize vizuri. "Pinda! Tazama... mbele! Breki!"

Tulisimama, bampa langu likiwa kiganja kimoja tu na mwamba wa goli. Halafu Shemeji, vipande vipande, lakini vipande vilivyofuatana: "Kwani... unapika? Unakoroga... koroga tu?"

Dada akazima injini.

"Unasemaje?"

"Kwani... unapika!"

"Napika?" Dada akashuka, mlango akauacha wazi. "Mwaka mzima nakusagia chakula kama kinda la ndege! Nakufulia vitambaa vya shingo, nalala jicho moja nikisikiliza kama unapumua! Leo unaniuliza kama napika?"

"Gari... si chungu!"

"Na wewe si mwalimu, wewe ni balaa!"

"Tazama... barabara! Si mimi!"

"Barabara iko wapi hapa? Hii si barabara, ni nyasi!"

"Tatizo lako... kubisha!"

Dada akageuka, akaondoka akikata uwanja, mkoba kwapani. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika mdomo. Walikuwa wanagombana. Jibu kwa jibu, papo kwa papo, bila chupa, bila kungoja, na mwanamume mwenyewe hakuwa amegundua, kwa kuwa hasira zilimchukua. Nilifurahi nikataka kuwakumbatia wote wawili, ila dada alikuwa ameshafika katikati ya uwanja.

Hapo akasimama. Akarudi, mwendo wa mtu aliyesahau kitu. Akainama dirishani kwa mumewe.

"Umenijibu," akasema.

Shemeji akafikiri. Akaingiza hewa. "Kila... neno."

"Basi sipandi gari na wewe tena," dada akasema, na machozi yanamtoka. Akaenda nyumbani kwa miguu kweli, na jioni ile walinuniana kama zamani. Kuanzia hapo dada hakumsemea tena mtu yeyote.

Wiki ambayo shule zilifunga tulirudi kwa Madam. Ua umejaa watu. Safari hii hakukaa kwenye usukani. Alimwita mwanafunzi mpya, mama muuza vitambaa, mtu mzima mwenye mwili wake, aliyeushika usukani kama anayeogopa kuibiwa. Madam akakaa nyuma pamoja nami. Yule mama hakuambiwa lolote. Shemeji alifunga shali, mikono mitupu juu ya magoti.

"Washa," akasema. "Tazama kioo. Taa. Toka."

Tukatoka. Sauti ilikuwa mbaya, sitawaficha. Ilikwaruza kama kiti kikivutwa juu ya saruji. Lakini ilifika kabla ya kona, kila kona. Kwenye ule mzunguko mkubwa nilishikilia kiti cha mbele. "Pole pole," akasema mapema. "Tulia. Huyu... apite. Kanyaga. Pita!" Tukapita. Madam alitazama nje tu.

Kwenye mlima wa kuelekea sokoni gari likazima. Nyuma yetu lori likapiga honi, na lingine nyuma yake. Tukaanza kurudi nyuma.

"Nakufa mimi!" yule mama akasema, akiachia usukani.

Shemeji alishavuta breki ya mkono. "Hufi. Kamata... usukani. Klachi. Gia moja." Likawaka, likazima. "Kwani... umelala?"

"Sijalala, baba, mguu unatetemeka!"

"Kaza mguu! Pandisha... pole pole. Pole pole. Toa!"

Likapanda. Mimi nilikuwa nalia kimyakimya kule nyuma, sina aibu kusema. Madam alinipa karatasi ya kufutia vioo.

Tuliporudi uani injini ikazimwa, na hakuna aliyeshuka. Madam akasogea mbele kati ya viti viwili.

"Mama, leo ulikuwa unamwelewa mwalimu?"

"Kumwelewa, namwelewa," yule mama akasema, akijipepea kwa mkono. "Mafua yake tu ndiyo mabaya, anywe kitu cha moto. Lakini Madam, nikuulize, kwani hakuna mwalimu mwingine? Huyu ni mkali mno. Mtu mzima kama mimi, ananiuliza nimelala?"

Mabega ya Shemeji yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha sasa kisicho na sauti, na hewa inatoka na kuingia chini ya shali.

"Hakuna mwingine, mama," Madam akasema. "Huyu ndiye mwalimu wako. Kesho saa mbili asubuhi."

Yule mama akashuka akinung'unika, akaufunga mlango wa gari la shule kwa nguvu zake zote. Shemeji akatoa kichwa dirishani, akaingiza hewa.

"Pole pole... na mlango!"

"Nimesikia!" akajibu kwa hasira, bila kugeuka. "Nimesikia, mwalimu!"